Korosho, nazi na nati ya baiskeli

SWALI: Mhariri, mimi ni karani wa ghala la korosho huku Newala, mkoani Mtwara. Karatasi za wanunuzi wa nje huiita korosho "nut", na kamusi inalitumia neno hilohilo kwa karanga, nazi na hata nati ya fundi baiskeli. Maana yake hasa ni ipi?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, "nut" kwa msingi wake ni tunda au mbegu yenye ganda gumu na kiini kinacholiwa, na Waingereza hulitumia kwa mazoea ya jikoni bila kuwangoja wataalamu wa mimea, ambao wangekikatalia kila chakula ulichokitaja: karanga ni jamii ya kunde, nazi ni tunda la kokwa kama embe, na korosho ni mbegu ya tunda linaloning'inia chini ya bibo.

Hapo ghalani ndipo neno hili linapotaka uangalifu. Katika biashara yenu, "raw cashew nuts" ni korosho ghafi pamoja na maganda yake, yale yenye mafuta yanayounguza vidole vya mbanguaji, ilhali katika maduka ya Ulaya "raw cashews" ni korosho zilizokwisha kubanguliwa ila hazijakaangwa. Kiini peke yake huandikwa "kernel", na kwa kuwa uzito wake ni takriban robo tu ya korosho ghafi, atakayeyachanganya maneno hayo katika mkataba ataiona hasara yake kwenye mizani.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu maelezo ya vyakula, inayoorodhesha aina 14 za vyakula vyenye kuleta mzio, imeitenga karanga na "nuts". Korosho imo katika kundi hilo la pili, nazi haimo.

Nati ya fundi ilipata jina kwa kufananishwa umbo, nasi tuliliazima neno kwa kazi hiyo ya chuma tu, maana korosho na karanga zilikuwa na majina yake. Msemo "in a nutshell" maana yake ni kwa muhtasari. Lakini ukimwambia mtu kuwa yeye ni "nuts", umemwita mwendawazimu, na hayo ni maneno ya kijiweni yasiyofaa kabisa katika barua kwa mnunuzi.