Samaki anaumwa, majani nayo yamo: maswali yenu

Barua za mara hii karibu zote zinauliza jambo moja: dawa iingie kwenye tangi la samaki lenye majani yanayoota majini au isiingie? Jibu langu mara nyingi ni hapana, ila sababu zinatofautiana.

Samaki wangu aina ya gapi wana vidoa vyeupe mwili mzima na wanajikuna kwenye mawe. Muuzaji kanipa dawa ya buluu. Niimimine humo humo? Nina majani mengi na konokono. (Msomaji, Mbeya)

Usiimimine. Kama ni methilini bluu, itatia rangi silikoni ya vioo, itaudhi majani na, baya zaidi, itaua bakteria wa kwenye chujio wanaokula amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Utatibu vidoa uanze kuuguza sumu.

Hivyo vidoa ni vimelea, *Ichthyophthirius multifiliis*. Kikiwa kwenye ngozi ya samaki, kimelea hakifikiwi na dawa. Kikishiba hudondoka, hujishikiza kwenye changarawe au jani, hujigawa na kutoa watoto kwa mamia, nao huogelea kutafuta samaki. Hapo ndipo pa kukipiga. Vitoto hivyo vikikosa samaki kwa siku mbili hivi, vinakufa.

Kwa hiyo hamisha samaki wote, hata wanaoonekana wazima, uwaweke kwenye beseni kubwa la plastiki lisilo na changarawe. Weka hita na pampu ya hewa. Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 29 au 30, na chumvi ifike gramu 2 hadi 3 kwa lita, ukiigawa kwa siku mbili. Beseni la lita 40 linataka gramu 80 hadi 120 kwa jumla, na upime kwa mizani, maana vijiko vya watu havilingani. Chumvi ya jikoni yenye madini joto inafaa. Kiasi hicho cha madini hakiwadhuru. Kila siku toa robo ya maji, na urudishe chumvi ya maji uliyotoa tu. Yaliyokauka kwa mvuke hayaondoki na chumvi, hivyo fidia kwa maji matupu. Vidoa vikiisha, endelea wiki moja zaidi.

Tangi la majani libaki bila samaki. Ukiwa na hita ya pili na joto likafika nyuzi 28, wiki mbili zinatosha. Kwa baridi ya Mbeya bila hita, subiri mwezi, maana kwenye maji baridi kimelea hujivuta. Konokono waache, hawaugui ugonjwa huu. Watupie punje chache za chakula ili bakteria wa chujio nao wapate riziki.

Samaki wangu aina ya beta ana utando mweupe kama pamba mdomoni. Nimeambiwa niongeze joto na nifungue kapsuli ya tetrasaikilini (antibiotiki) majini. (Msomaji, Dar es Salaam)

Ushauri wote huo uache. Utando wa mdomoni, au unaokaa mgongoni mithili ya tandiko, mara nyingi si ukungu bali ni bakteria aitwaye *Flavobacterium columnare*, na joto humpa nguvu. Maji ya Dar yana joto la kutosha bila hita. Elekeza feni juu ya maji ili yapoe nyuzi mbili tatu, lakini funika kwa wavu, beta huruka.

Tetrasaikilini hushikana na kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo kwenye maji magumu ya kisima sehemu kubwa ya dawa haifanyi kazi. Inayobaki inadhuru chujio na kufundisha bakteria usugu. Mhamishe kwenye chombo chake, badilisha maji kila siku, chumvi gramu 1 hadi 2 kwa lita, na umwone daktari wa mifugo mapema. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya siku chache.

Kila alfajiri samaki wangu wako juu wanahema, kufika mchana wazima. Ni ugonjwa gani? (Msomaji, Nairobi)

Huenda si ugonjwa. Usiku majani hayatengenezi oksijeni, yanaivuta pamoja na samaki. Washa pampu ya hewa taa zikizimwa, na kama unatia kaboni dioksidi ya kulisha majani, ifunge usiku. Wakihema mchana kutwa, hapo pima amonia na uwaangalie matamvua.

Nilitia dawa, konokono wote wakafa na majani yanaoza. Kibandiko kinasema kopa salfeti. (Msomaji, Mwanza)

Ni shaba hiyo. Toa konokono waliokufa leo leo kabla hawajageuka amonia, badilisha nusu ya maji, weka mkaa wa kuchujia, kesho rudia. Majani yaliyolainika kata, mizizi iache, mengi yatachipua. Ila shaba hujificha kwenye changarawe, kwa hiyo kamba wadogo usiwaweke mpaka upime. Mkaa huo huo, kwa taarifa ya wengine, utolewe kwenye chujio kabla ya dawa yoyote, la sivyo utainywa dawa yako yote.

Majani mapya yanaweza kuleta ugonjwa? (Msomaji, Tanga)

Ndiyo, kama yametoka kwenye tangi lenye samaki. Yakae kwenye ndoo yenye mwanga, pasipo samaki, wiki mbili au tatu.

Samaki wangu amevimba, magamba yamesimama, hali chakula wiki nzima. Nifanye nini? (Msomaji, Wete)

Pole. Magamba yakisimama hivyo, figo mara nyingi zimeshashindwa na wachache sana hupona. Kama anateseka, mpumzishe, yaani afe kwa upole, kwa mafuta ya karafuu, ambayo huko Pemba hayatafutwi mbali. Tikisa nusu mililita kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu hadi yawe meupe, mimina kwenye lita moja ya maji ya tangi lake, kisha mtie. Atalala kwanza. Matamvua yakisimama, mwache humo dakika 10 zaidi kabla ya kumtoa. Bakuli hilo lisirudi jikoni, na maji yake yasiingie tangini.