Presha ya zahanati na presha ya mtaani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni neno gani la Kiingereza lililoingia katika kazi zetu ambalo kila fani inalitumia kivyake. Mimi ni muuguzi wa zahanati jirani na mwalo hapa Mwanza, na langu ni presha.

Waingereza wanalo moja tu kwa tairi, hewa, bomba, damu na siasa. Sisi tumeligawa. Fundi wa pancha wa Kirumba atakwambia tairi halina upepo. Watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo. Vitabu vya fizikia vina kanieneo, neno ninalolipenda kuliko yote kwa sababu linajieleza: kani ikigawanywa kwa eneo. Wanasiasa wana shinikizo. Wanaolitumia presha kama mwanafizikia ni wakazi wa milimani, wale wanaosema maji hayana presha ya kupanda. Wako sahihi kabisa, maana kila mita 10 za kupandisha maji zinadai karibu baa moja zaidi, baa ikiwa kipimo cha kanieneo.

Wavuvi wanaifahamu vizuri ingawa hawaiiti hivyo. Sangara akivutwa haraka kutoka kina kirefu hupanda amevimba tumbo: uzito wa maji uliokuwa ukimbana umeondoka, hewa iliyomo ndani ya bondo, yaani kifuko chake cha hewa, imetanuka. Ni bondo hilo hilo linalowapa wanunuzi wa mwaloni sababu ya kugombania samaki. Na wazee waliovua dagaa kwa karabai wanakumbuka kuipiga pampu mpaka mafuta yapande na taa ing'ae.

Zahanati imeazima kipimo chake kwa watu wa hewa. Mwaka 1643 Torricelli, Mwitaliano, alionyesha kwamba hewa inaweza kushikilia safu ya zebaki ndani ya mrija wa kioo. Mwaka 1896 Mwitaliano mwingine, Riva-Rocci, akaunganisha safu ya zebaki na mkanda wa kufunga mkononi unaojazwa hewa. Ndiyo maana mpaka leo presha ya damu inasomwa kwa milimita za zebaki, hata kama mashine ni ya betri. Hapa ziwani, tukiwa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa peke yake inasukuma zebaki pungufu kuliko inavyoisukuma Dar es Salaam. Lakini 120/80 ya daktari inahesabiwa kuanzia juu ya hewa iliyopo, kwa hiyo mtu wa Ukerewe na mtu wa Pwani wanapimwa sawa.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Mtaani presha ni wasiwasi na hasira: usinipe presha, mechi ya presha, mtoto huyu atanipandisha presha. Halafu mama wa makamo anakuja kliniki, namuuliza kuhusu dawa, ananijibu, "Sista, siku hizi sina presha, wajukuu wametulia na ninalala vizuri." Vidonge ameviacha. Namfunga mkanda, inasoma 170/100.

Simlaumu. Hofu kweli hupandisha presha kwa muda, na ndiyo maana tunamwomba mgonjwa akae atulie kabla ya kumpima. Lakini ugonjwa wenyewe, ule wa 140/90 na kuendelea kila anapopimwa, kwa kawaida hauna dalili yoyote. Unaishi ndani ya mtu mpole, mcheshi, asiyedaiwa na mtu. Mishipa inaumia, figo zinaumia, na wengine taarifa ya kwanza wanayoipata ni kiharusi. Nafikiri wagonjwa wetu wengi wanaacha dawa kwa sababu ya mchanganyiko huu wa maana kuliko kwa sababu ya ukaidi.

Kwa hiyo nimeanza kutenganisha. Ya moyoni naiita mawazo. Ya mishipani naiita presha ya damu, neno zima bila kulikata, na tarakimu naziandika kwenye daftari lake huku akiangalia. Naomba wahudumu wenzangu wafanye hivyo, na watangazaji wa redio pia. Yule mama alinyamaza, akaiangalia ile 170, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata nikifurahi?" Nikamjibu, "Hata ukifurahi, mayo. Dawa tunaanza upya leo jioni, na chumvi ya mezani tunaiacha."