Ule mlio si faili bovu

Unauliza kama faili lako la wimbo limeharibika, ndugu yangu? Usilifute, ni zima. Huo mlio wa "piii" unaokushtua kwenye wimbo wa "Labyrinth" ni wa maikrowevu. Liz Harris, mwanamuziki wa Marekani anayejiita Grouper, alirekodi sehemu kubwa ya albamu ya Ruins, yenye wimbo huo, mwaka 2011 huko Aljezur, Ureno: piano, sauti yake na kinasa kidogo, basi. Dhoruba ikakata umeme. Uliporudi, maikrowevu ikalia, naye akauacha mlio humo humo. Albamu ilitoka 2014.

Sisi wa Unguja tuliokaa karibu mwezi mzima gizani mwaka 2008 hatuhitaji kuelezwa. Friji inanguruma, feni inaanza kujivuta, na watoto uchochoroni: "Umerudiii!"

Vyura wanaosikika kwenye albamu nao ni vyura kweli. Mie mara ya kwanza, ilikuwa masika, nilidhani wako nje ya dirisha langu. Nikazima simu nihakikishe. Kumbe walikuwa kotekote.

Ila kama umezoea taarabu, fidla, ganuni na akodiani zote pamoja, vuta subira, maana huyu ananong'ona tu. Msikilize usiku kwa hedifoni, si ndani ya daladala.