Mwezi umepatwa na hujaona kitu? Maswali yenu

Tuliambiwa mwezi utapatwa, nikakesha, mbona ulikuwa mzima tu?
Ulipatwa kweli. Dunia ina vivuli viwili, cha ndani cheusi na cha nje hafifu kinaitwa penumbra, sasa mwezi ukipita huko nje tu haumegeki wala hauwi mwekundu, unafifia kidogo basi. Mtu angekuwa amesimama mwezini muda ule angeona Dunia imeziba kipande tu cha jua, kilichobaki bado kinamulika. Usihangaike na mwanzo, subiri kilele halafu angalia ule upande wa mwezi uliosogelea kivuli cheusi, utauona umeingia kijivu. Ila kama hata nusu ya mwezi haizami kwenye penumbra, lala zako.

Macho hayaumii?
Hayaumii, hata kwa darubini.

Sarosi ndo nini?
Hapa ndo patamu. Ni mzunguko wa miaka 18, siku 11 na masaa kama 8, yaani miezi mipevu 223, jua na Dunia na mwezi vinarudi karibu mkao uleule, kwa hiyo kila kupatwa kuna ukoo wake. Chukua 24 Aprili 2005, ilikuwa penumbra tu, ikarudi 5 Mei 2023, penumbra tena ila mwezi umezama zaidi, bado kidogo tu uguse kivuli cheusi, na 16 Mei 2041 utakigusa kweli, utamegeka kidogo pembeni. Ukoo mwingine unaishia, 14 Machi 2006 mwezi wote uliingia penumbra, 25 Machi 2024 haukuingia wote. Ukoo mmoja unadumu zaidi ya miaka 1200, unaanza na penumbra na unamalizika na penumbra, ndo maana naumia watu wakizidharau, ukiziruka hizi huoni ukoo unavyozaliwa wala unavyokufa.

Mbona haurudi kuonekana palepale?
Ni yale masaa 8, Dunia inakuwa imejizungusha theluthi moja zaidi, onyesho linahamia magharibi. Subiri sarosi tatu, miaka 54 na kama mwezi mmoja, linarudi karibu eneo lilelile.

2027 nikeshe lini?
Kwa saa za Greenwich kuna 20 Februari, 18 Julai na 17 Agosti, zote penumbra. Ya Julai mwezi unagusa kiduchu mno, hakuna jicho litakaloona, ya Agosti unazama kama nusu. Kesha Februari, zaidi ya tisa ya kumi ya mwezi itakuwa ndani.