Alizeti mwitu kwa ajili ya nyuki

Kwa aliyeuliza kwa nini alizeti zake huko Texas hazikusanywi chavua na nyuki: huenda ni mbegu za maua ya kukata na kupamba, ambazo nyingi zimezalishwa zisitoe chavua kabisa. Tafuta alizeti ya mwitu (Helianthus annuus), ile yenye matawi na vichwa vidogo vingi. Jalidi ikishapita, panda moja kwa moja ardhini, kina sentimita 2, nafasi 45 hadi 60. Kwenye kopo mzizi mkuu hujikunja na mmea hudumaa. Funika kwa wavu mpaka miche ishike, maana ndege na panya hufukua mbegu. Samadi nyingi hurefusha shina likaanguka. Dawa ya wadudu usiguse, hata ukiona viwavi: hao ni vipepeo wa kesho. Vichwa vikikauka viache, chiriku watavimaliza wenyewe.