Kripto kuziondoa fedha za serikali? Jibu la mtu anayelipwa nayo

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza mawili: kama kripto, yaani sarafu za kidijitali kama Bitcoin zinazotumwa mtandaoni bila kupitia benki, inaweza kuja kuchukua nafasi ya fedha za nchi kwenye matumizi ya kila siku, na kama mtu wa kipato cha kawaida aanze sasa kuhamishia mshahara wake huko. Walionitangulia wamegawanyika, wengine wameshazika benki zote, wengine wanasema ni utapeli mtupu. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea. Wateja wangu wengi wako nchi nyingine, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya malipo yangu inaingia kwa kripto. Sifanyi biashara ya kununua na kuuza, chati sizifuatilii. Kwangu ni njia ya kulipwa tu, kwa hiyo nitajibu nikiwa nimesimama hapo.

Nianze na kitu ambacho hakizungumzwi sana. Muda wote huu, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia "kazi hii nakupa Bitcoin kadhaa". Wote wanataja dola au yuro. Tunapatana, nafanya kazi, na siku ya kulipa ndipo anayelipa kwa Bitcoin anapofungua simu, anaangalia Bitcoin iko bei gani saa hiyo, anatuma kinacholingana na dola tulizopatana. Ikiwa imepanda anatuma pungufu, ikiwa imeshuka anaongeza. Hata maduka ya mtandaoni yanayojitangaza kupokea Bitcoin, bei ya bidhaa imeandikwa kwa fedha ya nchi fulani. Kiasi cha Bitcoin kinajitokeza mwisho kabisa, unapobonyeza kulipa, na kinadumu dakika chache kabla ya kukokotolewa upya.

Maana yake ni kwamba hata sisi tunaoitumia, tunaitumia kusafirishia. Kupimia tunapimia kwa kitu kingine. Na kupima ndiyo kazi ngumu ya fedha. Mkataba wa ajira, pango la nyumba, ada ya shule, pensheni, fidia ya mahakamani, vyote vinahitaji namba ambayo mwakani itakuwa na maana inayokaribiana na ya leo.

Chukua deni, maana hapo ndipo kripto inapokwama vibaya zaidi. Mwanzoni mwa 2023 Bitcoin moja ilikuwa kama dola 16,500. Mwisho wa 2024 ilikuwa imepita dola 90,000. Tuseme ulikopa Bitcoin moja mwanzoni mwa 2023, ukaibadilisha, ukafungua biashara, na rafiki yako mwema hakukutoza riba hata senti. Miaka miwili baadaye anataka Bitcoin yake moja. Ili umlipe unahitaji zaidi ya mara tano ya ulichochukua. Ni biashara gani halali unayoijua inayokua mara tano kwa miaka miwili? Sasa igeuze. Aliyekopesha Bitcoin moja Novemba 2021, ilipogusa karibu dola 69,000, akarudishiwa mwaka mmoja baadaye, alipokea kitu chenye thamani isiyofika dola 20,000. Robo tatu ya mali yake imeyeyuka na mkopaji hajamdhulumu chochote. Uchumi usiokopeshana haujengi nyumba wala haulipi mkulima kabla ya mavuno, na hakuna mwenye akili timamu atakayesaini mkopo wa miaka 20 kwa kipimo cha namna hiyo.

Najua jibu linalokuja: "itatulia watu wakiwa wengi." Inawezekana ikatulia kidogo. Lakini tatizo liko kwenye muundo wenyewe. Bitcoin imewekewa ukomo wa milioni 21, na kila baada ya miaka kama minne zawadi ya wachimbaji, wale ambao kompyuta zao huthibitisha miamala, hukatwa nusu. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2024, ikafika Bitcoin 3.125 kwa kila bloku, yaani kila kifurushi cha miamala kinachothibitishwa. Ratiba hiyo haisikilizi chochote kinachotokea duniani. Mahitaji yakipanda, utoaji haupandi, kwa hiyo bei ndiyo inabeba mshtuko wote. Wapenzi wake wanauita ukomo huo sifa kuu, na kwa kuweka akiba wana hoja. Kwa matumizi ya kila siku ni mzigo: kitu unachoamini kitapanda hukitoi mfukoni kununulia sabuni.

Kuna nchi iliyojaribu kweli, na watu humu wanaitaja bila kusema iliishaje. El Salvador, chini ya Rais Nayib Bukele, iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali Septemba 7, 2021, sambamba na dola ya Marekani ambayo nchi hiyo inaitumia tangu 2001. Haikuwa hiari: sheria ilimtaka mfanyabiashara aipokee, labda awe hana uwezo wa kiteknolojia. Serikali ikatengeneza pochi ya simu, yaani programu ya kutunzia na kutuma sarafu, iitwayo Chivo na kumpa kila raia aliyejisajili Bitcoin ya dola 30. Mazingira bora kuliko hayo utayapata wapi? Rais anaipigia debe, sheria inalazimisha, mtu anapewa ya kuanzia bure, na hakuna benki kuu inayotetea noti yake yenyewe. Watu wakapakua Chivo, wengi wao wakatumia zile dola 30, wakaiacha. Desemba 2024 serikali ikafikia makubaliano na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ya mkopo wa dola bilioni 1.4, na Januari 2025 bunge likabadilisha sheria: kupokea Bitcoin kukawa hiari ya mtu, na kodi za serikali zikawa za kulipwa kwa dola pekee. Jamhuri ya Afrika ya Kati nayo iliipitisha Aprili 2022 na kuiondolea hadhi hiyo mwaka uliofuata.

Hapo kwenye kodi pana uzito kuliko panavyoonekana. Serikali ikisema "kodi utanilipa kwa fedha hii", kila mwenye biashara lazima aitafute fedha hiyo, apende asipende. Mwenye biashara akiihitaji, atataka mteja amlipe kwayo, na atamlipa mfanyakazi wake kwayo. Hakuna programu ya simu inayoshinda mvuto huo.

Kasi nitaipitia haraka kwa sababu mabishano yake hayaishi. Bitcoin yenyewe hupitisha miamala kama 7 kwa sekunde, na bloku mpya huja kila dakika 10 hivi. Mitandao ya kadi hupitisha maelfu. Foleni ikiwa ndefu, ada inapanda: siku ile ya Aprili 2024 zawadi ilipokatwa nusu, wastani wa ada ulivuka dola 100 kwa muamala mmoja. Mtandao wa Lightning, uliojengwa juu ya Bitcoin ili kuharakisha malipo, unasaidia sana kwa malipo madogo, nimeutumia na ni wa haraka kweli. Suala la kasi linaweza kutatuliwa. La kipimo sidhani.

Sasa nije kwenye kinachofanya kazi, maana nisipokisema nitaonekana napinga kitu kinachonilisha. Siku hizi karibu wateja wangu wote wa kripto wananilipa kwa USDT au USDC, sarafu zilizofungwa kwenye dola, moja kwa dola moja. Malipo ya kimataifa ya benki yaliwahi kunichukua siku nyingi, katikati kuna benki mbili tatu na kila moja inamega chake. USDT inafika ndani ya dakika, hata Jumapili usiku. Kwa kazi ndogondogo tofauti hiyo ndiyo inaamua kama kazi inalipa au hailipi. Wenzangu walioko Argentina, ambako mfumuko wa bei ulivuka asilimia 200 mwaka 2023, wanaweka humo hata akiba, na siwalaumu kabisa.

Ila tazama wanachokimbilia. Ni dola. Kripto imewapa bomba, yanayopita ndani ni maji ya Marekani. Kwa hiyo ukiniuliza kama kripto inaziondoa fedha za nchi, naona kitu kingine kinatokea: fedha ya nchi moja yenye nguvu inapata njia rahisi ya kuingia kwenye nchi zenye fedha dhaifu, na haihitaji ruhusa ya benki kuu ya hapo. Jambo lenyewe si geni. Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100 Januari 2009, mwezi uleule ambao bloku ya kwanza ya Bitcoin ilichimbwa. Wananchi walikuwa wameshahamia dola ya Marekani na randi, na serikali ikaishia kuzihalalisha. Wakati ule mtu alihitaji noti ya dola mkononi. Leo anahitaji simu. Kwa benki kuu ya nchi ndogo hilo ni tishio kubwa kuliko Bitcoin, na sisikii likijadiliwa inavyostahili.

Na wanaosema "hakuna serikali ndani yake" wachunguze sarafu hizi zinasimama juu ya nini. Kampuni inayotoa USDT na ile ya USDC zinaweza kufungia anwani ya pochi yako, na zimeshafanya hivyo kwa wengine. Agosti 2022, Marekani ilipoiwekea vikwazo Tornado Cash, huduma ya kuficha kripto imetoka kwa nani, USDC zilizokuwa kwenye anwani husika zilifungiwa mara moja. Akiba inayozishikilia sarafu hizi kwa sehemu kubwa iko kwenye benki na hati fungani za serikali. Machi 2023 benki ya Marekani iitwayo Silicon Valley Bank ilipoanguka, dola bilioni 3.3 za akiba ya USDC zilikuwa humo, na wikiendi ile "dola" hiyo ikauzwa chini ya senti 90. Nilikuwa na malipo ya kazi yamekaa humo, nikashinda naangalia simu mpaka serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba wenye amana watalindwa. Ni serikali iliyoiokoa, wakuu! Ile nyingine, UST ya mradi wa Terra, iliyojaribu kushikilia dola moja kwa hesabu za kompyuta bila akiba ya kweli nyuma yake, iliporomoka Mei 2022 na haikuinuka tena. Mnamo Julai 2025 Marekani ikapitisha sheria inayotaka sarafu hizi ziwe na akiba kamili ya dola taslimu na hati fungani za muda mfupi. Kwa maneno mengine, ukishika USDC umeikopesha serikali ya Marekani kupitia mtu wa kati.

Kitu kingine ambacho watu wa kinadharia hukiruka ni makosa ya kawaida ya binadamu. Mteja mmoja aliwahi kunitumia malipo mara mbili, programu yake ilikwama akabonyeza tena. Hakuwa na pa kupiga simu. Hakuna fomu ya malalamiko, hakuna wa kurudisha muamala. Alichokuwa nacho ni barua pepe yangu na matumaini kwamba mimi ni mtu mzuri. Nilimrudishia, nikakata ada ya kutuma tu. Siku hiyohiyo nilijiuliza ingekuwaje kama angekosea herufi kwenye anwani. Mfanyakazi mwenzangu naye alipoteza simu pamoja na karatasi aliyoandikia maneno yake 12 ya siri, ambayo ndiyo ufunguo wa pochi, na pochi yake mpaka leo inaonekana kwenye blokcheni, daftari la wazi la miamala yote, kila mtu anaweza kuona kilichomo, hakuna wa kuifungua. Mwambie mzee wako wa miaka 70 kwamba akisahau maneno hayo pensheni yake ndiyo basi tena, uone kama atakubali.

Kuna mchangiaji hapo juu ameleta fedha za kidijitali za benki kuu kama ushahidi kwamba kripto imeshinda. Hizo ni fedha zilezile za serikali, zimebadilishwa nguo tu. Bahamas ilianza na Sand Dollar Oktoba 2020, Nigeria ikaleta eNaira Oktoba 2021 na pochi nyingi zikakaa bila kuguswa. China inasukuma yuan yake ya kidijitali wakati huohuo miamala ya kripto imeipiga marufuku tangu Septemba 2021. Huo si ushindi wa kripto.

Swali lako la pili, mkuu. Kama mshahara wako unalipwa kwa fedha ya nchi na matumizi yako ni ya fedha hiyohiyo, kuupitisha kwenye kripto ni kulipa ada mara mbili na kubeba hatari usiyolipwa kuibeba. Kama unalipwa kutoka nje, ni habari nyingine. Mimi napokea kwa sarafu ya dola, kabla ya kutumiwa namwandikia mteja mtandao gani atumie, maana USDT hupita kwenye mitandao mbalimbali, na ya Tron na ya Ethereum zina anwani tofauti na kosa hapo ni gharama. Kwa mteja mpya naomba kwanza atume kiasi kidogo cha majaribio. Cha pango, chakula na bili nakibadilisha siku hiyohiyo. Kinachobaki sikiachi kwenye soko la kubadilishia, kwa sababu walioacha fedha zao kwenye soko la FTX lililofilisika Novemba 2022 walikuta milango imefungwa. Bitcoin ninayo kidogo, kiasi ambacho kikishuka nusu sitakosa usingizi. Na weka kumbukumbu za kila malipo na bei ya siku hiyo, mamlaka za kodi za nchi nyingi zimeshaanza kuuliza.

Ninachotaka kusikia kutoka kwenu ni hiki: kuna yeyote humu aliyekopesha au kukopeshwa kwa Bitcoin, ikapita miaka miwili au zaidi, na wakalipana kwa Bitcoin ileile bila kugeukia dola? Kama yupo, atueleze walipatanaje.