Ukipeleka wageni Baringo kuangalia ndege

Nyinyi mnaoanza kazi ya kutembeza wageni wanaofuata ndege, wacha niwaambie mapema: Baringo si Nakuru. Nakuru unakaa kwa gari, unafungua rufu, flamingo hao. Huku ni mawe, miiba ya migunga na majabali, na kama hujachukua kijana wa Kampi ya Samaki, ule mji mdogo kando ya Ziwa Baringo, akutangulie utazunguka tu mpaka jua likumalize.

Hao vijana wanajua bundi gani amelala mti gani. Si kubahatisha, alfajiri mtu anapita kuangalia nani amehama, ndo wewe ukifika mnaenda moja kwa moja. Kirukanjia, ndege wa usiku, mchana analala chini hapo kwenye mawe, hatua mbili mbele yako, na humwoni kabisa mpaka uonyeshwe, polepole. So wewe na Land Cruiser yako na cheti chako ukifika hapo nyamaza, kaa nyuma, kazi yako ni kuzuia wageni wasipige kelele na wasisongee ndege wakitafuta picha (na watasongea, hasa wale wenye kamera kubwa).

Majabali ni asubuhi. Yako magharibi ya ziwa yanaangalia mashariki, kwa hivyo jua la asubuhi linayapiga usoni na rangi unaziona, jioni ni kivuli tupu. Hapo mtafute tai mweusi mwenye alama nyeupe ya V mgongoni, anakaa hapo sababu ya pimbi ndo chakula chake, halafu hondohondo wa Hemprich, wale wa mdomo mkubwa, ambaye wageni wengi wanakuja jina lake likiwa juu kwenye listi, maana ni ndege wa kaskazini, Ethiopia na Somalia, na si pahali pengi Kenya utampata.

Kuchezea ndege sauti ya mwenzake kwa simu ili atokee, mara moja mbili basi. Anadhani mwenzake amevamia eneo lake, anaacha mayai aje kugombana na spika. Kijana akisema zima, zima.

Viatu vya kufunika kifundo, kuna nyoka bafe. Maji mengi, saa tano huko hakukaliki.

Malipo ya kijana mpatane jana yake, usiseme tip ya mgeni ndo mshahara wake, hiyo ni dharau. Na njia za zamani usiziamini, ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, limemeza mahoteli na barabara, mpigie simu kabla hujatoka Nakuru akwambie mnakutania wapi.